Mkono Unaoachia Kamba

Siku waliponiaga ofisini Katesh walinipa kiti. Ni kiti kizuri cha mbao, kile cha kujilaza na kunyoosha miguu, chenye mito minene ya sponji iliyovishwa kitambaa cha maua. Mkuu wa idara alisema nimetembea vya kutosha, sasa nikae. Watu wakapiga makofi. Nilikipakia juu ya lori la vitunguu mpaka nyumbani Tumati, nikakiweka barazani kikitazama bonde. Tangu siku hiyo anayekikalia ni kuku mmoja mwekundu wa mke wangu.

Mimi siwezi. Nikikaa, magoti yanaanza kucheza yenyewe. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nimeshazunguka shamba, nimeshapanda kilima na kushuka, nimeshachungulia masikio ya ng'ombe wa jirani kutafuta kupe bila kuombwa. Mke wangu, Mama Yasinta, anasema barua ya kustaafu ilinifikia mimi, miguu haikupewa nakala.

Basi naandika, nikisimama kila baada ya mistari michache. Nawaandikia ninyi mnaobaki na pikipiki na masanduku ya chanjo, na zaidi ya wote namwandikia Neema, afisa mifugo wenu wa Nangwa. Alikuja kuniona juzi, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Dume alimburuta akavunjika mtulinga. Aliniamkia, akanywa chai yake kwa mkono wa kushoto, akasema ameamua kuomba ahamishiwe ofisini, kwenye vibali vya kusafirisha mifugo. Ng'ombe hataki kuwaona tena. Aliongea taratibu, kama mtu anayeaga msibani. Nilitaka kumjibu nikashindwa. Nilisimama, nikaenda mpaka zizini, nikarudi, nikamwambia aje tena Jumamosi. Haya ndiyo niliyoyatafuta kule zizini.

Nilipofika Nangwa mara ya kwanza nilikuwa na cheti cha mifugo, buti mpya, na bomba la sindano ambalo sikuwahi kulitumia kwa mnyama asiyefungwa. Nilikabidhiwa kwa mzee Boay, mchanjaji wa siku nyingi, Mwiraqw mwenzangu, mtu mfupi mwenye vidole vinene kama mihogo. Kwa vidole hivyo alifunga mafundo akiwa anatazama kwingine, anaongea na watu wengine, juu ya mambo mengine. Kamba yake ilikuwa ya katani, ameisokota mwenyewe na kuipaka samli ili isichome viganja. Alinifundisha kusimama begani kwa ng'ombe na siyo ubavuni. Alinifundisha kutazama masikio kabla ya macho, kwa sababu ng'ombe akikusudia jambo masikio ndiyo yanayotangulia kusema. Alinifundisha kumlaza mnyama mkubwa bila kumpiga: kitanzi shingoni, mzunguko mmoja nyuma ya mabega, mwingine mbele ya mapaja, halafu unavuta moja kwa moja kwenda nyuma, polepole, mpaka ng'ombe mwenyewe aone heri akunje magoti.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa jingine, na alinipa siku ile ile ya kwanza, kabla sijafungua hata chupa ya dawa.

"Kamba haiachwi," alisema. "Mbele ya wenye ng'ombe, hata akuvute mpaka ziwani, usiiachie. Ukiiachia leo, kesho watakupa mbuzi umtibu. Keshokutwa watakupa kuku. Halafu watakupa pole."

Alikuwa anajua watu wake. Kwenye tambarare za Hanang, kwa wafugaji wa Kidatoga, mtoto anashikishwa kamba ya ndama kabla hajajua kuhesabu, na akiiachia atachekwa mpaka siku ya harusi yake. Mimi nilitoka Tumati, kwenye vilima, kwenye mahindi na maharage, ambako ng'ombe ni wachache na tulilala nao nyumba moja kama ndugu. Nilikuwa na haja ya kuheshimiwa kuliko Mdatoga yeyote. Nikaishika kamba. Nilishika mpaka viganja vikaota sugu, na wafugaji wakaanza kuniita bwana mifugo bila kutabasamu.

Halafu ikaja siku ya josho pale Nangwa. Kulikuwa na upepo, ule upepo wa kiangazi unaoshuka mlimani ukiwa na hasira ya mtu mwingine. Nilikuwa nimemshika dume mwenye jicho lililovimba, na ili nisiiachie kamba nilikuwa nimeizungusha kifundoni mwa mkono. Turubai la dawa likapiga kofi hewani. Dume akaondoka. Akapita katikati ya watu, akapita ua wa miiba, nami nyuma yake kama mkia wa pili. Sikuiachia. Mtulinga ulivunjika, ngozi ya kifundo ikabaki kwenye kamba. Watu walinilaza juu ya ngozi ya ng'ombe wakanibeba mpaka barabarani, na njia nzima walikuwa wananisifu. Mzee Boay alinifuata hospitali na chupa ya maziwa. Hakuuliza kama naumwa. Alisema tu, "Hukuiachia," na macho yake yalikuwa na maji.

Mfupa uliunga. Kitu kingine hakikuunga. Niliporudi kazini, nikimkaribia dume, ulimi ulikauka na mkono wa kulia ukawa mzito kama si wangu. Nikaanza kuwa na sababu. Tuanze na ndama kwanza, nilisema. Dume tutamwona kesho, leo jua limepanda. Siku nyingine nilimwachia Boay, mpaka Boay mwenyewe akastaafu akaenda kwao, na muda si mrefu tukaenda kumzika. Nikaanza kupenda vibali. Mfugaji anamtazama mtu kama anavyomtazama ng'ombe aliyeacha kula: hasemi, anajua. Nikaona siku inakuja nitapewa meza Katesh, na mhuri, na kiti. Kwa mtu mwenye miguu kama yangu meza ni kaburi lenye miguu minne.

Ilipotokea nafasi ya kwenda masomoni nilisema nataka shahada. Nilikuwa nakimbia.

Chuo kikuu kile kilikuwa mbali, kwenye joto na mbu. Nilikuwa baba wa watoto, nimekaa darasani na vijana walioniita mshua. Mchana nilisoma magonjwa, jioni nilizunguka. Nilizunguka mabweni, bustani za majaribio, mabanda ya kuku, karakana ya matrekta, nikirudia njia ile ile kama ng'ombe aliyefungiwa peke yake. Jioni moja, nyuma ya karakana, nilisikia sauti. Pa. Kimya kidogo. Pa. Ilikuwa sauti ya miili ikianguka.

Nilichungulia. Lilikuwa ghala la zamani la mahindi. Sakafuni walikuwa wametandaza magodoro yaliyochoka na kuyafunika kwa turubai lililokazwa kwa kamba, na juu yake vijana waliovaa makoti mazito meupe walikuwa wanaangushana. Ilikuwa klabu ya judo. Mjapani mmoja wa kujitolea, aliyekuja miaka ya nyuma kufundisha umwagiliaji, aliianzisha, na alipoondoka aliacha makoti machache na desturi nyingi. Hayo niliyajua baadaye. Jioni ile niliona jambo moja tu: mtu anaanguka chini kwa kishindo, na hakuna anayekimbia kumwinua. Anaamka mwenyewe, anajipanga, anaangushwa tena, kama vile ardhi haijaambiwa kwamba inatakiwa kuumiza. Nilisimama mlangoni ulimi umekauka. Nilikuwa nimetembea mwaka mzima nikitafuta mlango ule.

Msichana mfupi mwenye nywele zilizonyolewa alinijia. Alikuwa ndiye kapteni wao.

"Ukitaka kutazama, vua viatu," alisema. "Ukitaka kuingia, chukua ufagio."

Nikasema sijui nitake nini. Aliposikia lafudhi yangu akanitazama vizuri, akashuka kizingiti akasimama nje na mimi.

"Shikamoo. Wewe si bwana mifugo wa Nangwa?"

Alikuwa Monika, binti wa mzee Gidamis, Mdatoga wa Dirma. Nilikuwa nimechanja ng'ombe wa baba yake akiwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Sasa alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari wa mifugo, na mle ndani alikuwa anawaangusha vijana wa Kisukuma wenye mabega kama milango.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Katika desturi ile ya Kijapani mkubwa wako ni yule aliyetangulia kuingia klabu, hata kama ungeweza kumzaa. Mdogo anamwinamia kwanza, mdogo anafagia turubai, mdogo anakunja koti la mkubwa. Wanaklabu walikuwa Watanzania, wakaona haya. Mzee mzima afagie, binti akitazama? Iliitwa kikao. Kikao kilikuwa kirefu kuliko mazoezi ya wiki nzima. Mmoja alipendekeza nisamehewe kufagia; mwingine akasema basi na ada ya sabuni nisamehewe; wa tatu, Masanja, akasema kama ni umri basi mimi niwe kapteni, na wote wakanitazama nilivyo wakacheka. Monika aliwangoja mpaka walipochoka, akasema mlango ndio utakaoamua. Nje ya kizingiti, yeye ni mwanangu. Ndani, mimi ni mdogo wake.

Ikawa hivyo kila jioni. Nafika, ananingoja nje. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, za masomo?" Tunaulizana habari za Dirma na mvua. Kisha tunavua viatu, tunavuka kizingiti, nainamisha kichwa mbele yake, naye anasema neno moja: "Fagia." Nami nafagia.

Koti langu lilishonwa na fundi wa sokoni kwa turubai jepesi, mabega yakawa mapana kama ya askofu. Wiki za mwanzo hukufundishwa kumwangusha mtu yeyote. Ulifundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, ili kisogo kisiguse chini. Mgongo uviringe. Na mkono, huo ndio ufunguo, mkono mmoja unaupiga chini kwa nguvu zote, kiganja na mkono mzima kwa pamoja, kabla mwili haujafika. Ardhi inapokea kofi, na baada ya hapo haina hamu tena na mifupa yako. Masanja alihesabu Kijapani kwa lafudhi ya Mwanza, sisi tunaanguka kwa kufuata hesabu. Peke yangu nilijua haraka. Shida ilikuwa nikishikwa.

Monika alinishika kola na mkono wa koti, nami nikamshika vivyo hivyo, akanifagia mguu kwa mguu wake, nikaenda chini. Lakini nilikwenda naye. Mikono yangu yote miwili iling'ang'ania koti lake, nikaanguka kama gunia, naye akaniangukia goti likiwa mbavuni mwangu.

"Tena," alisema.

Tukarudia, ikawa vile vile. Tukarudia jioni ile yote, na jioni zilizofuata. Mbavu zilikuwa za bluu. Masanja alisema mzee anashika kama anayemdai mtu. Nililala nikiamka nimekamata shuka kwa ngumi mbili. Monika hakuchoka wala hakukasirika. Alisema neno lake lile, tena, tena, kwa sauti ya mtu anayepukuchua mahindi. Mpaka jioni moja alipokaa kwenye turubai badala ya kusimama.

"Mzee, mkono wako wa kulia unashika nini?"

"Koti lako."

"Wa kushoto?"

"Koti lako."

"Na ardhi itapigwa na mkono gani?"

Akanishika mkono wa koti, akanionyesha jinsi alivyokuwa anaushika wakati wote ninapoanguka, jinsi alivyokuwa anauvuta juu kidogo mwishoni, ili kichwa changu kisifike chini. Sikuwahi kuliona. Nilikuwa na shughuli nyingi za kung'ang'ania.

"Ni sheria yetu," alisema. "Anayekuangusha ndiye anayekushika. Sikuachii mpaka umefika. Wewe una kazi moja tu, uipe ardhi mkono mmoja."

Hapo nikamweleza, wote wakiwa wameshakwenda kuoga. Nikamweleza josho la Nangwa, na turubai, na ngozi ya ng'ombe niliyobebwa juu yake, na mzee Boay na sheria yake ya kamba. Nikamwambia kwamba nikirudi Hanang hivi nilivyo, nitamaliza miaka yangu kwenye vibali. Alisikiliza kama wasikilizavyo kwao, anatazama pembeni.

"Baba angesema kama huyo mzee Boay," alisema. "Kwetu anayeachia kamba anaambiwa ni mwanamke."

"Najua."

"Mimi nimekuwa mwanamke tangu nizaliwe, sijaona hasara yake. Simama."

Sikumbuki ilikuwa jioni ya ngapi baada ya hiyo. Nakumbuka mvua juu ya bati la ghala, na harufu ya jasho na pumba za zamani. Alinifagia mguu kama siku zote. Nikaona paa likipita. Na mkono wangu wa kushoto ukafunguka. Sikuuamuru; ulifunguka wenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo, ukaenda chini kabla yangu, ukaipiga ardhi, pa, na kishindo kikatoka kikapita kwenye turubai kikaenda zake. Nililala pale nikitazama bati. Mkono wa kulia ulikuwa bado uko juu, umeshikwa. Hakuna kilichouma. Masanja akasema, "Mzee ameshusha mzigo." Kapteni akasema, "Tena."

Sikupata mkanda wa rangi yoyote. Wangu ulikuja mweupe ukaondoka wa kijivu. Siku ya kuaga Monika alinisindikiza mpaka nje ya kizingiti, akaniamkia, akabaki amesimama ana jambo.

"Ukifika nyumbani usimwambie baba kwamba napigana na wanaume," alisema. Akafikiri. "Au mwambie, lakini akiwa anatazama ng'ombe. Akitazama ng'ombe hasira yake inachelewa."

Katesh nilikuta meza imeshaandaliwa. Kwa kuwa nina shahada sasa, na kwa kuwa walikumbuka nilivyoondoka, walinitengea chumba cha vibali chenye dirisha. Nilikaa siku chache nikisikia upepo. Kisha ikatangazwa chanjo ya homa ya mapafu, na hakukuwa na watu wa kutosha, kila mwenye buti alitakiwa. Niliomba Dirma. Dereva wa idara akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia awashe gari kabla sijajibu.

Ng'ombe wa mzee Gidamis walikuwa wengi, na kibanio cha kuwapitishia kilikuwa kimevunjika. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma, mrefu, shuka la rangi ya udongo begani, fimbo nyuma ya shingo na mikono imening'inia juu yake. Nilimwamkia. Akaitikia. Hakuonyesha kunijua. Tulichanja majike na ndama mpaka jua likawa kali, na muda wote huo nilikuwa namwona dume wake, mweusi mwenye nundu iliyolala upande, anachechemea. Kwato ilikuwa inaoza. Ilibidi alazwe, isafishwe, ikatwe. Vijana walianza kuvua mashuka wamrukie pembe na mkia kama wanavyofanya. Nikasikia sauti yangu inasema hapana, nileteeni kamba.

Ulimi ulikuwa mkavu. Nawaambia hivi ili msidhani kwamba hofu ilibaki kule chuoni. Ilikuja nami ndani ya gari. Nilimkaribia begani, nikatazama masikio, nikafunga kama Boay alivyonifundisha, shingo, mabega, mapaja, kisha nikaenda nyuma nikavuta. Akakataa, akatafakari, akakunja magoti, akalala kama anayepiga dua. Tukasafisha kwato. Hapo watu walikuwa wanaongea vizuri juu yangu.

Kulegeza ndiko kwenye hatari. Nilikuwa nafungua mzunguko wa mwisho, kamba mkononi, dume akaona anga lake limerudi. Akaruka. Nikahisi kamba inakaza, nikahisi kila sugu ya kiganja inaniambia shika. Ua wa miiba ulikuwa pale pale mbele yake. Na mkono ukafunguka. Kamba ikapita, nikaenda chini kwa ubavu, kidevu kifuani, nikaipiga Dirma kofi moja ambalo vumbi lake liliwafikia waliokuwa mlangoni.

Wakacheka, wakubwa kwa wadogo, wakacheka mpaka wakashikana. Niliamka nikajikung'uta. Nilikuwa mzima. Mzee Gidamis hakucheka. Alinijia polepole na fimbo yake.

"Bwana mifugo, umeachia kamba."

"Nimeiachia, mzee."

"Kulikuwa na mmoja Nangwa hakuiachia. Tulimbeba kwenye ngozi."

"Ni mimi."

Akanitazama kuanzia buti kwenda juu, kama anayenunua. Dume alikuwa amefika kwenye ua, ameona hapana haja, amesimama anapumua, kamba inaburuzika. Mzee akageuka akamtazama ng'ombe wake. Nikaona huo ndio wakati.

"Nani alikufundisha kuanguka hivyo?" aliuliza bila kugeuka.

"Binti yako. Kule chuoni wana mchezo wa kuangushana. Yeye ndiye mkubwa wetu."

Macho yake yalibaki kwa dume.

"Na yeye, wanamwangusha?"

"Mara chache. Hawamwezi."

Akatazama ng'ombe muda mrefu zaidi. Kisha akasema kwa lugha yao jambo ambalo sikulielewa, na mwanamke mmoja akaingia nyumbani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilipokwisha kunywa, mzee alikuwa ameshamfuata dume mwenyewe, ameokota kamba, amerudi nayo. Akaniwekea mkononi.

"Kuna mwingine mgonjwa kule nyuma," alisema. "Mkubwa kuliko huyu."

Hakunipa mbuzi. Mzee Boay, popote ulipo, hakunipa mbuzi.

Baada ya pale ni miaka mingi na ng'ombe wengi, na wengi wenu mnaijua sehemu hiyo kwa sababu mlikuwepo. Nimeanguka Nangwa, Dirma, na mara moja ndani ya josho lenye dawa, ambako judo haikusaidia. Chumba cha vibali kilipewa mwingine anayekipenda. Kamba msiizungushe mkononi, hata kama mwenye ng'ombe ni baba mkwe wako. Ipakeni samli. Barafu ya chanjo muihifadhi kivulini mwa gari, lakini hakikisheni dereva anajua, asije akaondoka kwenda kula. Tazameni masikio. Na mkicheka mwenzenu aliyeanguka, chekeni baada ya kumwona ameamka. Monika sasa ni daktari wa mifugo mkoa mwingine. Hunipigia simu, huniamkia, tunaulizana habari zote, kisha kabla ya kukata husema, "Fagia."

Jumamosi, barua hii ikiwa bado haijaisha, Neema alikuja. Nilimwona kutoka kilimani anapanda njia, mkono bado shingoni, nikashuka karibu kukimbia. Nilikuwa nimeshaiondoa mito ya kile kiti na kuitandaza kwenye nyasi mbele ya baraza, kuku mwekundu akilalamika. Mama Yasinta alitoka jikoni, akaitazama mito, akanitazama, akarudi jikoni. Neema aliniamkia. Nikaitikia, nikamwambia avue viatu.

"Mzee, mimi bega..."

"Hutaanguka wewe. Nishike hapa, mkono wa shati, kwa ule mkono mzima. Usiuachie mpaka nimefika chini. Sasa nifagie mguu huu."

Alisita. Alisema hawezi kumwangusha mtu mzima. Nikamwambia nimeangushwa na wadogo kuliko yeye, nikainamisha kichwa mbele yake kama inavyotakiwa, naye akaona haya akatazama jikoni kama kuna mtu anaona. Kisha akafagia, kwa woga, kama anayesogeza mlango wa mtu aliyelala. Umri ulinisaidia, nikaenda. Mito ilikuwa michache kuliko nilivyodhani. Mkono wa kushoto ukaipiga Tumati, pa, mbwa wa jirani akabweka.

Nililala nikitazama ukungu unavyoachana na kilima. Miguu ilikuwa imetulia. Mkono wa kulia ulikuwa juu, shati limekazwa na vidole vyake, hajaachia. Nikamwambia kwamba hata mfupa ukipona kabisa, mtu anaweza kuomba meza, wala si aibu, meza zinahitaji watu. Lakini aombe akiwa ameshajua kuanguka. Nikamuuliza anaonaje.

Alikuwa ameinama, anautazama mkono wangu uliopiga chini, anautazama jinsi daktari anavyotazama.

"Mzee, amka uanguke tena," alisema. "Huo mkono sikuuona vizuri."

Nikaamka.